Kabla Hujafungua Faili la Vinasaba: Kwa Wanaoanza Kutafuta Chanzo cha Baipola

Wiki yako ya kwanza kwenye utafiti wa baipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, usifungue faili la vinasaba. Najua linakuvuta. Umesoma miaka mingi kufika hapo, na ndani yake zimo herufi mamilioni za watu maelfu, na unaamini kwamba jibu limelala humo likimsubiri mwenye macho makali. Omba kwanza makabrasha ya mahojiano. Kaa nayo. Soma thelathini, soma arobaini, neno kwa neno, pamoja na yale maandishi ya kalamu ya pembeni ambayo hayakuwahi kuingizwa kwenye kompyuta.

Nimeifanya kazi hii miaka kumi na minne. Mitano ya mwanzo nilikuwa nahoji wagonjwa na ndugu zao, iliyobaki nimekuwa nikichambua takwimu. Karibu kila kosa kubwa nililolishuhudia lilianzia mahali pamoja: kwenye swali la nani ameugua na nani hajaugua. Hesabu zenyewe huwa salama. Kinachotuponza ni kile tulichozipa hesabu zile.

Ushahidi wa jambo hili uko katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1987 Janice Egeland na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyotikisa tiba ya akili. Walikuwa wamefuatilia ukoo mmoja wa Waamishi wa Pennsylvania, Marekani, jumuiya ya Kikristo iliyojitenga na mambo mengi ya kisasa. Kwa mtafuta jeni, jamii ile ilikuwa kama imeandaliwa kwa ajili yake: familia kubwa, nasaba zilizoandikwa kizazi baada ya kizazi, pombe na dawa za kulevya ni nadra kiasi kwamba hazivurugi dalili. Alama mbili za vinasaba kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 11, mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli, zilionekana kurithiwa sambamba na ugonjwa. Wengi wakaamini mahali ilipo jeni ya baipola pamejulikana.

Miaka miwili baadaye, 1989, jarida lile lile likachapisha uchambuzi mpya ulioongozwa na John Kelsoe, na Egeland mwenyewe akiwa miongoni mwa waandishi. Watu wawili wa ukoo ule, ambao mwanzoni walihesabiwa wazima, walikuwa wameugua. Wawili tu. Hesabu zilipofanywa tena na hali zao mpya, ushahidi ukapungua mno, na tawi jingine la ukoo lilipoingizwa, kromosomu ya 11 ikatoka kabisa kwenye mazungumzo. Hakuna aliyedanganya. Maabara ilifanya kazi yake sawasawa. Kilichogeuka ni maisha ya watu wawili. Mwaka ule ule wa 1987 kundi jingine lilikuwa limetangaza uhusiano na kromosomu ya X katika familia za Israeli, na kufikia 1993 watafiti hao hao walikuwa wameandika kwamba ushahidi wao umefifia. Ninaheshimu sana watu wa namna hii. Kurudi mbele ya wenzako na kusema "tulichowaambia hakikusimama" ni kazi ngumu kuliko kugundua, na utaifanya walau mara moja.

Sasa turudi kwenye makabrasha. Baipola ni ugonjwa wa hisia zinazopanda kupita kiasi na kushuka kupita kiasi. Huko juu panaitwa mania: mtu halali na hachoki, maneno yanamtoka bila kituo, mawazo yanakimbizana, pesa zinatumika, hasira ziko karibu. Huko chini ni sonona, huzuni nzito inayomlemea mtu. Aina ya kwanza inahitaji mania kamili, ya wiki moja au zaidi, au iliyomfikisha mtu kulazwa. Aina ya pili ina mpando mwepesi zaidi, wa siku nne au zaidi, pamoja na vipindi vya sonona. Kwenye karatasi inasomeka vizuri. Mbele ya mtu mambo ni mengine.

Mwaka wangu wa pili nilimhoji mama mmoja wa makamo aliyekuja na mdogo wake. Fomu inauliza kama amewahi kuwa na kipindi cha siku kadhaa cha nguvu nyingi au furaha iliyopita kiasi, hata watu wakaona hayuko kawaida yake. Akajibu hapana, bila kusita. Nikaweka alama. Fomu ikaniruhusu kuruka kurasa tatu, kwa sababu ukishajibu hapana pale, maswali ya mania hayakuhusu tena. Nilikuwa na watu wengine wanne siku ile. Nikiwa nafunga kabrasha, mdogo wake akasema, "Dada, na zile wiki mbili ulizokuwa unafua mapazia usiku kucha?"

Mama akacheka kidogo. "Ah, zile! Wakati ule si nilikuwa nimepona."

Hakuwa anaficha kitu. Kwake yeye ugonjwa ulikuwa ile miezi ya kulala uso umeelekea ukutani. Zile wiki mbili za kutolala, za kuanzisha biashara tatu kwa mpigo kwa pesa za mkopo, za kuwapigia simu watu alioachana nao miaka kumi iliyopita, aliziona kuwa ni afya iliyomrudia. Nikafungua kabrasha upya. Tukazipitia kurasa tatu nilizoziruka, mdogo wake akisaidia tarehe. Alikuwa ameingia chumbani kama mgonjwa wa sonona, akatoka akiwa ameandikwa baipola ya aina ya kwanza.

Tangu siku ile sianzii kwenye furaha. Naanzia kwenye usingizi. "Umewahi kukaa siku nyingi mfululizo ukilala saa mbili tatu tu, na asubuhi usihisi uchovu?" Mtu anaweza kubishana na wewe kuhusu kama alikuwa na furaha iliyozidi, lakini saa alizolala anazikumbuka, au aliyekuwa akilala chumba cha pili anazikumbuka. Na kila inapowezekana, kwa ridhaa ya mhusika, zungumza na ndugu. Mgonjwa anaujua unyonge wake vizuri kuliko mtu mwingine yeyote, lakini mpando mara nyingi huonwa na walio kando.

Pengine utauliza kama mtu mmoja kuhama kundi kuna uzito gani kati ya maelfu. Mmoja hana. Ila kosa hili halitokei kwa bahati nasibu. Linatokea kwa mwelekeo mmoja: watu wa baipola wanaangukia kwenye sonona, na kinyume chake hakitokei kwa kiwango kile kile. Na vinasaba vinaliona hilo. Tunajua sasa kwamba baipola ya aina ya kwanza ina udugu mkubwa wa kijenetiki na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo, wakati aina ya pili inaegemea zaidi upande wa sonona. Kituo kinachochukua wagonjwa waliolazwa na kituo kinachochukua wagonjwa wa kutwa vitakuletea matokeo mawili tofauti chini ya jina moja la ugonjwa. Kwa hiyo usikubali safu yenye neno "baipola" pekee. Dai aina. Dai umri wa kuanza kuugua. Dai kama kulikuwa na kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo. Dai idadi ya kulazwa. Baada ya miaka mitano mtu atakuja na swali ambalo hukulifikiria, na wagonjwa hawatakuwepo tena wa kuulizwa.

Kundi linganishi nalo, hao tunaowaita wazima, litazame kwa jicho lile lile. Baipola mara nyingi huanza kati ya miaka ya mwisho ya ujana na katikati ya ishirini. Kijana wa miaka 19 anayejitolea mate yake yapimwe vinasaba kwenye kundi la wazima hajakuahidi kitu. Kumbuka wale Waamishi wawili. Katika mafaili yangu nilishaliondoa neno "mzima" kwenye safu ile. Imeandikwa "hajaugua hadi umri wa", ikifuatiwa na namba. Ni badiliko dogo la kichwa cha safu, lakini kila anayelifungua faili analazimika kukumbuka.

Sasa urithi. Utaambiwa kwamba baipola inarithiwa kwa asilimia 60 hadi 85, na hiyo ni kweli kwa mujibu wa tafiti za pacha na familia. Lakini chukua muda uelewe kinachosemwa, kwa sababu nimewaona watu wenye shahada mbili wakikielezea kinyume. Namba ile inazungumzia tofauti baina ya watu katika jamii: kiasi gani cha tofauti ya uwezekano wa kuugua kinaendana na tofauti za vinasaba. Haisemi kwamba asilimia 80 ya ugonjwa wa huyu bwana aliye mbele yako imetoka kwa wazazi wake. Utafiti wa pacha wa Uingereza uliochapishwa 2003 unasaidia sana hapa. Pacha mmoja wa kufanana akiwa na baipola, mwenzake alikuwa nayo kwa takriban asilimia 40. Kwa pacha wasiofanana ilikuwa takriban asilimia 5. Pengo lile la 40 na 5 ndilo linalotuambia vinasaba vina nguvu. Na zile 60 zilizobaki, watu wenye vinasaba vile vile wasiougua, ndizo zinazotuambia kwamba vinasaba si hukumu. Beba namba zote mbili pamoja kila unapozungumza.

Nakuja kwenye jambo litakalokuumiza kidogo. Jeni ya baipola haipo.

Kizazi kilichonitangulia kiliisaka kwa njia ya ukoo, kama nilivyoeleza. Kisha tukaja na njia ya kukisia: unachagua jeni inayosikika kuwa na maana, labda ile inayoendesha usafirishaji wa serotonini, kemikali ya mawasiliano ya ubongo, unaipima kwa wagonjwa mia mbili na wazima mia mbili, unatangaza. Mimi nilipoteza miezi kumi na moja hivyo. Matokeo yetu yalipendeza, msimamizi alifurahi, na kundi jingine lililorudia kipimo kile kwa watu wengi zaidi halikuona kitu. Mwaka 2019 watafiti walizipima jeni 18 zilizokuwa mashuhuri zaidi katika sonona kwa kutumia makundi makubwa, mengine ya watu zaidi ya 400,000, na hazikuonyesha nguvu kuliko jeni zilizookotwa bila mpangilio. Makala mamia, tasnifu za watu, miaka ya watu. Ukikutana na pendekezo linaloanza na "tutachunguza uhusiano wa jeni fulani na baipola katika wagonjwa 150", sema waziwazi kwamba hutaki kushiriki, hata kama wewe ndiye mdogo kuliko wote chumbani.

Kilichofanya kazi ni kuacha kukisia na kupima jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya mtu, halafu kuwa na subira na idadi. Unapolinganisha mamilioni ya sehemu za jenomu kwa mkupuo, bahati tu itakupa maelfu ya "ugunduzi" wa uongo. Ndiyo maana tunadai kiwango kikali cha 0.00000005, yaani uwezekano wa mara moja katika milioni 20 kwamba bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa kiasi hicho. Kiwango hicho kinatokana na kugawa ile 0.05, kiwango cha kawaida katika takwimu, kwa takriban vipimo milioni moja vinavyojitegemea.

Mwaka 2007 utafiti mkubwa wa Uingereza wa magonjwa saba ulikuwa na takriban wagonjwa 2,000 wa baipola na wazima 3,000, na alama yake iliyong'aa kuliko zote, kwenye kromosomu ya 16, haikudumu katika tafiti zilizofuata. Mwaka 2008 makundi yaliunganisha wagonjwa 4,387, na majina mawili ya jeni yakajitokeza: ANK3 na CACNA1C. Mwaka 2011 muungano wa kimataifa wa jenomiki ya magonjwa ya akili ulifika wagonjwa 7,481, na CACNA1C ikawa bado imesimama. Kisha 2019 wagonjwa 20,352, maeneo 30 ya jenomu yenye uhusiano na ugonjwa. Mwaka 2021 wagonjwa 41,917, maeneo 64. Na Januari 2025 wagonjwa 158,036 wakilinganishwa na watu wapatao milioni 2.8, maeneo 298.

Zitazame namba hizo kwa utulivu. Wakati nipo mezani na sampuli zangu mia nne, nilidhani tatizo ni akili yetu. Tatizo lilikuwa idadi. Kila eneo katika yale 298 linasogeza uwezekano wa kuugua kwa kiasi kidogo sana, nyingi kwa asilimia chache tu, na kitu kidogo hivyo hakionekani mpaka uwe na watu wengi mno. Kwa hiyo wagonjwa 600 mtakaowakusanya kituoni kwenu, kwa jasho la miaka mitatu, hawatagundua jeni. Wataingia kwenye bahari, na bahari ndiyo itakayogundua. Ukikubali hilo mapema utafanya kazi nzuri, kwa sababu utaelekeza bidii yako kwenye kitu ambacho bahari haiwezi kukifanya: kuhakikisha kila tone ni safi.

CACNA1C nayo inastahili dakika mbili, maana utaisikia kila siku. Ni jeni inayotengeneza sehemu ya mlango unaopitisha kalsiamu kuingia ndani ya seli, zikiwemo seli za neva na za moyo. Kalsiamu ikiingia kwenye seli ya neva huamsha mambo mengi, yakiwemo mawasiliano na seli jirani. Kwamba utafiti baada ya utafiti umerudi kwenye milango ya kalsiamu na kwenye maungio ya seli za neva ni jambo linalotia moyo, kwa sababu hayo ni mambo yanayoguswa na dawa. Lakini jihadhari na mazoea ya kuita eneo kwa jina la jeni iliyo karibu. Alama nyingi ziko nje ya sehemu zinazotengeneza protini, kwenye maeneo yanayofanya kazi kama swichi, na swichi inaweza kuwasha taa ya chumba cha mbali. Katika maeneo yale 298, watafiti waliweza kunyoosha kidole kwa kujiamini kwenye jeni 36 tu. Zaidi ya hapo ni dhana, nawe ziandike kama dhana.

Upo pia upande wa mabadiliko adimu yenye nguvu kubwa. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliosoma sehemu zinazotengeneza protini kwa wagonjwa 13,933 wa baipola. Matokeo yalipounganishwa na ya skizofrenia, jeni ya AKAP11 ikajitokeza: mabadiliko yanayoiharibu yalionekana kwa wagonjwa mara nyingi zaidi kuliko kwa wazima, kwa uwiano wa takriban 7. Ni watu wachache mno wanaoyabeba. Kinachonifanya nirudi kuisoma makala ile ni kwamba protini ya AKAP11 hushikana na kimeng'enya GSK3, na GSK3 ndicho lithiamu hukizuia. Lithiamu iliingia kwenye tiba ya mania mwaka 1949 kupitia John Cade, daktari wa Australia, na hadi leo hatujajua kwa uhakika inamsaidiaje mtu. Sasa njia iliyoanza kwenye vinasaba inaelekea mtaa ule ule. Haijafika. Ila tazama huko.

Nilisema bidii yako iende kwenye usafi wa tone, basi nikuonyeshe tone lililochafuka.

Sampuli hupimwa kwenye sahani yenye visima 96, safu nane kwa kumi na mbili. Kuna ukaguzi wa kawaida wa kwanza kabisa: programu inaisoma kromosomu ya X, inakisia jinsia, halafu unalinganisha na jinsia iliyoandikwa kwenye fomu. Siku moja sahani moja ilirudi na watu 44 ambao jinsia haikulingana. Mwongozo wetu ulisema wasiolingana waondolewe. Nikaandika amri ya kuwaondoa, na nilikuwa nakaribia kuiendesha. Mwenzangu wa maabara akanizuia, akachukua karatasi, akachora duara 96, akazipaka rangi zile 44. Zilikuwa zimekaa mbilimbili, kila moja ikitazamana na mwenzake wa upande wa pili wa sahani. Sahani ilikuwa imegeuzwa. Kisima cha kwanza juu kushoto kilisomwa kama cha mwisho chini kulia, na vingine vyote vivyo hivyo.

Fikiria kingetokea nini. Ningewaondoa wale 44, ningebaki na 52 ambao jinsia yao "inalingana", na hakuna hata mmoja kati ya hao 52 ambaye vinasaba vyake vilikuwa vyake. Wanaume wangebeba vinasaba vya wanaume wengine, wagonjwa wangebeba vya wazima. Ripoti ingesema ukaguzi umepita. Hilo nimelibeba tangu siku ile: ukaguzi unapokataa kitu, usikiondoe kabla hujajua kwa nini kimekataa. Tafuta umbo la kosa. Chora. Kwa karatasi na kalamu ikibidi.

Mengine nitayapitia haraka. Changanya wagonjwa na wazima kwenye kila sahani, kamwe usipime wagonjwa mwezi Machi na wazima mwezi Septemba. Mwaka 2010 jarida la Science lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu waliofikisha miaka 100, na mwaka 2011 ukaondolewa, sababu mojawapo ikiwa vipimo vya aina tofauti kutumika bila uwiano kati ya makundi. Andika toleo la ramani ya jenomu kwenye jina la kila faili, maana namba za mahali hubadilika kutoka toleo moja hadi jingine. Alama zenye herufi A na T, au C na G, zina mtego wake: zinasomeka sawa kutoka pande zote mbili za uzi wa vinasaba, na usipoangalia utageuza hatari kuwa kinga. Hifadhi kila amri uliyoendesha. Usiguse data ghafi kwa mkono.

Asili ya watu inahitaji zaidi ya sentensi moja. Herufi za jenomu hutofautiana kwa wingi wao kati ya watu wa sehemu mbalimbali za dunia kwa sababu za historia tu. Wagonjwa wako wakitoka zaidi upande mmoja na wazima upande mwingine, utagundua jiografia na kuiita baipola. Kwa hiyo lazima asili ipimwe na iingizwe kwenye hesabu. Lakini kuna deni kubwa kuliko hilo. Wagonjwa wote 41,917 wa utafiti wa mwaka 2021 walikuwa wa asili ya Ulaya. Ule wa 2025 uliongeza watu wa Asia Mashariki, Wamarekani wenye asili ya Afrika na Walatino, na bado sehemu kubwa ni ya Ulaya. Alama za hatari, yaani namba moja inayojumlisha hatari ndogondogo za vinasaba vya mtu, zikitengenezwa kwa watu hao hupoteza nguvu zikipelekwa kwa wengine, hasa kwa watu wa asili ya Afrika. Na hasara ni ya wote. Jenomu za Afrika ndizo zenye tofauti nyingi kuliko zote duniani, na vipande vyake vinavyorithiwa pamoja ni vifupi, kwa hiyo vinaweza kutusaidia kulibana eneo mpaka ibaki herufi yenyewe inayohusika. Mradi wa NeuroGAP-Psychosis, uliokusanya sampuli za skizofrenia na baipola Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, ni mwanzo mzuri. Ukipata nafasi ya kufanya kazi kwenye mradi wa aina hiyo, ichukue hata kama mwingine unalipa zaidi.

La mwisho ni maneno yako mbele ya familia. Watakuuliza, na watakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye uliyewachukua mate, siyo profesa aliyeandika makala. Usiwape alama ya hatari ya vinasaba kama utabiri. Katika utafiti wa 2021, alama bora iliyoweza kutengenezwa ilieleza chini ya asilimia 5 ya tofauti ya uwezekano wa kuugua kati ya watu. Inafaa kwa utafiti wa makundi. Kwa mtoto mmoja wa mtu mmoja, haifai kitu. Nina hasira na wanaoiuza kana kwamba inafaa.

Yule mama wa mapazia alirudi mwaka uliofuata kwa mahojiano ya ufuatiliaji, na mdogo wake tena pembeni. Tulipomaliza hakunyanyuka. Akaniuliza, "Mwanangu, yule binti yangu nimemwambukiza?"

Nikamwambia, "Hapana mama, huu hauambukizi." Halafu nikaona kwamba nimejibu neno na sikujibu swali. Nikageuza karatasi nikachora duara kumi. Nikamwambia hawa ni watoto kumi, kila mmoja ana mzazi mwenye baipola. Nikaweka wino ndani ya duara moja. Kwa watu wote kwa jumla, baipola ni takriban mmoja katika mia. Kwa mtoto wa mgonjwa ni kati ya watano na kumi katika mia, kwa hiyo huyu mmoja ndiye kiwango cha juu. Nikamwambia pia kwamba sonona inaweza kuwapata wengine kati yao, sikutaka kumficha. Akazihesabu kwa kidole zile duara tupu, tisa, akazihesabu tena.

"Na huyu mwenye wino," akasema, "mtamfanyia nini?"

Nikamjibu kwamba kipimo cha damu cha kumtambua hakipo. Dawa zipo, na zinasaidia zaidi mtu akianza mapema. Na kuna kitu kimoja ambacho nyumbani wanaweza kukiona kabla ya daktari: binti akianza kukaa usiku baada ya usiku bila kulala, na asichoke, wasisubiri.

"Usingizi," mama akamwambia mdogo wake. Mdogo wake akaitikia kwa kichwa. Akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia kwenye mkoba.